Rufani: Ni Hisani au ni Haki?

Ndugu msomaji, mara nyingi watu wanaochunguza mambo ya dini huuliza juu ya uadilifu kabla ya kuuliza juu ya ibada. Swali moja hurudi tena na tena, hata kwa wanafunzi wa chuo ninachofundisha. Nalo ni hili: Hakimu akiisha kuwasikiliza mashahidi, akapima maneno yao na kutoa hukumu kwa nia njema, pana wajibu gani tena wa kumfungulia aliyeshindwa mlango wa pili? Je, rufani ni hisani ambayo wenye mamlaka humfanyia mtu, nao waweza kumnyima bila kutenda kosa? Au ni haki yake, na kumnyima ni kumdhulumu?

Swali hili si la wanasheria peke yao. Baba hukata shauri kati ya watoto wake, mwalimu kati ya wanafunzi, mzee kati ya majirani, na kiongozi wa jumuiya kati ya wafuasi wake. Kila mmoja wao ni hakimu katika eneo lake dogo, na kila mmoja aweza kukosea. Kwa hiyo jibu la swali hili latuhusu sote.

Ili tusizungumze hewani, natutazame mahakama moja iliyo wazi kwa kila mtu kuichunguza, nayo ni mahakama ya kati ya rufani ya jimbo la New York, huko Marekani.

NENO LA MWAKA 1894

Katika mwaka 1894 mtu mmoja aitwaye John McKane, mwanasiasa mwenye nguvu wa Coney Island, alikuwa kifungoni kwa makosa ya uchaguzi. Alitaka aachiliwe kwa dhamana wakati rufani yake ikingoja kusikilizwa, naye akadai kwamba kunyimwa jambo hilo ni kuvunja haki zake za kikatiba. Mahakama ya juu kabisa ya Marekani ikamkatalia. Ilisema kwamba kupitiwa hukumu na mahakama ya rufani si sehemu ya lazima ya mwenendo wa haki wa sheria. Jimbo laweza kumpa mtu rufani, laweza kumnyima, na likimpa laweza kuweka masharti lipendayo.

Hoja hii ina nguvu, wala haifai kuipuuza. Mtu amekwisha kupata nafasi yake. Alijua mashtaka, alikuwa na wakili, aliwahoji mashahidi. Kama kila aliyeshindwa ataruhusiwa kuanza upya, mashauri hayatakwisha, na aliyeshinda hatalala usingizi.

Lakini tazama jambo la ajabu. Katika mwaka huo huo wa 1894 watu wa New York waliandika katiba mpya ya jimbo lao, na ndani yake wakaanzisha mahakama ya rufani iitwayo Appellate Division, ambayo ilianza kazi tarehe 1 Januari 1896. Wakati sheria ya nchi iliposema kwamba hawakulazimika, wao walijenga. Kwa nini? Kwa sababu waliona kwamba jambo lisilolazimishwa na sheria laweza bado kulazimishwa na uadilifu.

JINSI MAHAKAMA HII IFANYAVYO KAZI

Majina ya mahakama za New York yaweza kumpotosha mgeni. Ile iitwayo Supreme Court siyo ya juu kabisa, bali ndiyo inayosikiliza mashahidi kwanza. Ya juu kabisa huitwa Court of Appeals, kama vile Tanzania ambako Mahakama ya Rufani ndiyo ya mwisho. Appellate Division husimama katikati ya hizo mbili. Imegawanywa katika idara nne: ya kwanza ni ya Manhattan na Bronx, ya pili makao yake ni Brooklyn, ya tatu ni Albany, na ya nne ni Rochester.

Mbele ya mahakama hii haletwi shahidi, wala haletwi ushahidi mpya. Majaji husoma mwenendo wa shauri ulioandikwa, husoma hoja za mawakili wa pande zote mbili, kisha huwasikiliza mawakili hao kwa muda mfupi na kuwauliza maswali. Katiba imeamuru kwamba majaji wasiozidi watano waketi katika shauri moja, wasipungue wanne, na kwamba hukumu ipatikane kwa makubaliano ya watatu. Tena jaji haketi kupitia hukumu aliyoitoa mwenyewe.

Yapasa ifahamike pia kwamba mahakama hii haitazami sheria tu. Huweza kupima upya hata mambo ya hakika, yaani kama jambo lilitukia au halikutukia. Court of Appeals, kwa kawaida, hutazama sheria peke yake. Kwa hiyo kwa wengi wanaoshtakiwa, mahakama hii ya katikati ndiyo ya mwisho itakayouliza: "Je, ni kweli kwamba mambo yalikuwa hivyo?"

SABABU YA KWANZA: UPUNGUFU WA ELIMU YA MWANADAMU

Wahenga walisema: Mwamba ngoma huvutia kwake. Kila mdai huja mahakamani akivuta upande wake, na mwenye ulimi mwepesi huvuta zaidi. Hakimu wa kwanza huona nyuso, husikia sauti, huona machozi. Hayo humsaidia, nayo humdanganya. Jaji wa rufani haoni uso wala machozi, ila karatasi tu. Hilo ni upungufu, lakini pia ni kinga, kwa sababu karatasi haimtishi mtu wala haimbembelezi.

Basi hakuna hata mmoja wao aliye na elimu kamili. Mmoja yu karibu mno, mwingine yu mbali mno. Lakini penye upungufu wa namna mbili, kila mmoja waweza kumsaidia mwenzake. Hii ndiyo hekima ya rufani. Haidai kwamba majaji wa juu ni wateule zaidi kuliko wa chini. Yadai tu kwamba macho yaliyosimama mahali pengine huona kilichofichika kwa macho ya kwanza.

SABABU YA PILI: MNYONGE ASIYEJUA KUSEMA

Kuna kanuni katika mahakama nyingi kwamba kosa lisilopingwa papo hapo katika shauri haliwezi kulalamikiwa baadaye. Kanuni hii ina maana yake, kwani yazuia hila. Lakini fikiri, ndugu msomaji, juu ya mtu ambaye wakili wake alisinzia, au hakujua, au alinyamaza kwa woga. Je, ulimi wa wakili uliofungwa umfunge mteja miaka ishirini?

Sheria ya New York imeipa Appellate Division uwezo mkubwa katika jambo hili. Yaweza kulitazama kosa ambalo hakuna aliyelipinga, "kwa maslahi ya haki". Yaweza vile vile kuipunguza adhabu iliyo halali lakini iliyo kali kupita kiasi. Sikiliza vizuri: adhabu haikuvunja sheria yoyote, hakimu hakutoka nje ya mipaka yake, na hata hivyo mahakama ya rufani yaweza kusema, "Hii ni nzito mno kwa mtu huyu." Hapo sheria yenyewe imekiri kwamba yaweza kutimizwa yote na haki isipatikane.

Na kuna mnyonge wa namna nyingine, yaani maskini. Katika mwaka 1956, katika shauri lililotoka jimbo la Illinois, mahakama ya juu ya Marekani iliulizwa juu ya wafungwa wasioweza kulipia nakala ya mwenendo wa shauri lao. Bila nakala hiyo rufani yao haikuweza kusikilizwa ipasavyo. Mahakama ilisema kwamba jimbo likiisha kutoa rufani, haliwezi kuwafungia maskini mlango kwa sababu ya umaskini wao. Na katika mwaka 1963 ikaongeza kwamba maskini aliyehukumiwa kwa jinai apewe wakili katika rufani yake ya kwanza.

Hapa, mpenzi msomaji, lile neno la mwaka 1894 limeanza kupasuka. Ikiwa rufani ni hisani tu, mtoaji ana hiari ya kumpa amtakaye. Lakini wale wale waliosema kwamba ni hisani walilazimika kukiri kwamba haiwezi kugawiwa kwa upendeleo. Kitu ambacho tajiri hawezi kukipata bila maskini naye kukipata, hicho si zawadi tena. Kimekuwa deni. Methali yasema kwamba mnyonge hana haki, nayo ilitungwa na watu walioona mambo yalivyo. Kazi ya mahakama ya namna hii ni kuifanya methali hiyo iwe uwongo, japo kwa siku moja, kwa mtu mmoja.

SABABU YA TATU: MKUBWA NAYE AJIBU

Mlango unaofunguliwa kwa mnyonge lazima uwe wazi pia kumwita mwenye nguvu. Appellate Division ndiyo inayowapokea mawakili wa New York katika kazi yao, na ndiyo inayowaondoa. Richard Nixon, aliyejiuzulu urais wa Marekani mwezi Agosti 1974 na kusamehewa makosa yake mwezi uliofuata, alikuwa wakili wa jimbo hilo. Katika mwezi Julai 1976 idara ya kwanza ya mahakama hii ilimfutia uwakili kwa sababu ya kuzuia mwendo wa haki katika mambo ya Watergate. Msamaha wa rais mwenzake uliweza kumkinga na gereza. Haukuweza kumrudishia sifa ya mtu anayeaminiwa kusimama mbele ya mahakama.

Na ukitaka kujua nani huketi katika viti hivyo, tazama habari za Harold Stevens. Alizaliwa South Carolina mwaka 1907. Kwa kuwa alikuwa Mweusi, hakuweza kusomea sheria katika chuo kikuu cha jimbo lake la kuzaliwa, akaenda kusoma Boston. Katika mwaka 1969 alifanywa jaji kiongozi wa idara ya kwanza, Mweusi wa kwanza kushika cheo hicho. Mtu aliyefungiwa mlango alikabidhiwa ufunguo wa mlango wa wengine.

UONGOZI WA MWENYE KURA MOJA

Sasa natutazame uongozi. Jaji kiongozi wa idara huteuliwa na gavana kutoka miongoni mwa majaji waliochaguliwa na wananchi. Yeye husimamia mashauri, watumishi, na nidhamu ya mawakili. Lakini akiisha kuketi katika jopo, kura yake ni moja. Hawezi kumwamuru mwenzake afikiri namna gani.

Mfano wa karibuni utatuonyesha maana yake. Rais Donald Trump, pamoja na watu na makampuni yake, alishtakiwa kwa madai na mwanasheria mkuu wa New York kwamba alitia chumvi thamani ya mali zake. Mahakama ya kwanza iliamuru malipo ambayo, pamoja na riba, yalifikia dola zipatazo milioni 500. Rufani ilisikilizwa na majaji watano mwezi Septemba 2024, na hukumu ikatoka tarehe 21 Agosti 2025, ikiwa na kurasa zaidi ya mia tatu.

Majaji hao waligawanyika sehemu tatu. Wawili, mmoja wao akiwa jaji kiongozi Dianne Renwick, walisema kwamba makosa yalithibitika lakini malipo yalikuwa makubwa kupita mipaka ya katiba. Wawili wengine walisema kwamba shauri lilistahili kuanza upya. Wa tano alitaka lifutwe kabisa. Hapakuwa na watatu waliokubaliana. Basi wale wawili waliotaka shauri lianze upya wakaiunga mkono amri ya kufuta malipo, huku wakieleza wazi kwamba hawakubali sababu zake. Walifanya hivyo ili tu patokee uamuzi ambao pande zote zingeweza kuupeleka kwenye mahakama ya juu.

Ndugu msomaji, achilia mbali kama unampenda au unamchukia mshtakiwa huyo. Tazama adabu ya jambo lenyewe. Jaji kiongozi hakupata kura ya tatu kwa sababu zake, wala hakuitafuta kwa kumtisha mtu. Kila mmoja aliandika alichokiamini, na kikachapwa chote. Na wale wawili waliweka mbele ya maoni yao haki ya wadai kusikilizwa mahali pengine. Walijua kwamba mahakama iliyojifungia katika ubishi wake huwanyima watu mlango, hata kama kila jaji ndani yake ana nia safi. Je, ni viongozi wangapi wa vyama, wa shule, na hata wa dini, ambao wangekubali maneno ya wanaowapinga yachapwe pamoja na yao katika kitabu kimoja?

PINGAMIZI LILILO KUBWA

Mtu aweza kusema: "Rufani ni rehema kwa mshtakiwa, lakini ni mateso kwa aliyedhulumiwa." Hili ndilo pingamizi lililo zito kuliko yote, nami sitaki kulipita upesi.

Katika mwaka 2020 mtengenezaji mashuhuri wa filamu, Harvey Weinstein, alitiwa hatiani huko New York kwa kuwadhulumu wanawake. Mwezi Juni 2022 majaji watano wa Appellate Division, kwa sauti moja, waliithibitisha hukumu hiyo. Mwezi Aprili 2024 Court of Appeals, kwa kura nne dhidi ya tatu, iliitengua na kuamuru shauri lisikilizwe upya, kwa kuwa mahakama ya kwanza ilipokea ushahidi wa wanawake ambao malalamiko yao hayakuwa sehemu ya mashtaka. Katika mwaka 2025 shauri likasikilizwa tena: akatiwa hatiani katika shtaka moja, akaachiwa katika jingine, na katika la tatu baraza la washauri wa mahakama halikufikia uamuzi. Maana yake ni kwamba wanawake walisimama tena kueleza yale ambayo hakuna mtu apendaye kuyaeleza hata mara moja.

Je, maumivu hayo si kweli? Ni kweli kabisa. Lakini tuulize yalitoka wapi. Hayakutoka katika mlango wa rufani. Yalitoka katika mwenendo wa kwanza, ambao, kwa maoni ya majaji wanne, ulikanyaga mpaka. Anayemhurumia aliyedhulumiwa na ajitahidi shauri lake liendeshwe kwa usafi tangu siku ya kwanza, ili hukumu yake isimame. Na ni kitu gani kinachomfanya hakimu wa kwanza awe mwangalifu? Ni kujua kwamba kuna macho mengine yatakayoisoma kazi yake. Ukiufunga mlango wa rufani hutampunguzia aliyedhulumiwa maumivu. Utawapunguzia mahakimu hofu ya kukosea. Na kesho aliyedhulumiwa atakuwa ni yule aliyefungwa bila kosa.

Jambo la pili la kujifunza hapo ni kwamba hata wapitiaji hupitiwa. Watano walikubaliana kabisa, na bado wanne kati ya saba wakaona vingine. Ukihesabu vichwa, walioithibitisha hukumu katika mahakama mbili za rufani walikuwa wanane, na walioitengua wanne. Kwa hiyo neno la mwisho la wanadamu si lazima liwe neno la wengi, wala haliwi la mwisho kwa kuwa ni kamilifu. Ni la mwisho kwa kuwa wanadamu lazima wasimame mahali fulani. Ndiyo maana sheria ya New York humtaka mtu atoe taarifa ya rufani katika siku 30. Mlango lazima uwepo, na lazima uwe na saa ya kufungwa. Yote mawili ni uadilifu.

SANAMU ILIYOSHUSHWA

Jengo la idara ya kwanza lipo Manhattan, kwenye barabara ya Madison na mtaa wa 25. Lilifunguliwa mwaka 1900, na juu ya paa lake yalisimamishwa masanamu ya watoa sheria wa zamani: Musa, Confucius, Solon, Justinian na wengine. Mmoja wao aliwekwa kuwa ni mfano wa Mtume Muhammad. Waliolijenga walikusudia heshima. Hawakujua, au hawakufikiri, kwamba kwa Waislamu kumchonga Mtume si kumheshimu. Sanamu hiyo ilisimama zaidi ya nusu karne. Kisha wawakilishi wa nchi za Misri, Indonesia na Pakistan wakaomba kwa adabu iondolewe, na katika mwaka 1955 ikashushwa.

Mimi huona katika jambo hilo rufani iliyo nzuri sana. Hapakuwa na ghasia, wala aliyeangusha hata jiwe moja. Walioumizwa walisema, wenye nyumba wakasikiliza, na nia njema ya wajenzi haikufanywa sababu ya kukataa marekebisho. Wengi wetu tukikosolewa hujibu: "Lakini nilikuwa na nia njema!" Nia njema humwokoa mtendaji asilaumiwe, haiwezi kulifanya kosa kuwa sawa.

Na huyo Musa aliyebaki juu ya paa anatukumbusha habari iliyomo katika Taurati, jinsi mkwewe alivyomshauri asihukumu peke yake tangu asubuhi hata jioni, bali aweke waamuzi wa mambo madogo, na yale magumu yaletwe kwake. Kadhalika Kurani yasimulia juu ya Daudi na Sulaimani katika shauri la mifugo iliyoingia shambani usiku. Mwana alifahamishwa lililo sawa zaidi, na bado baba hakuvuliwa sifa ya hekima na elimu. Basi kurekebishwa si kudhalilishwa. Hilo laonyesha kwamba wazo hili halikuzaliwa New York wala mwaka 1894.

HITIMISHO

Sasa twaweza kujibu swali letu. Katika vitabu vya sheria mtu aweza kuandika kwamba rufani ni hisani. Lakini yeyote anayejitwalia uwezo wa kumhukumu mwenzake anachukua kutoka kwake kitu ambacho mara nyingi hakirudishiki: jina lake, miaka yake, mali yake. Na anakichukua akiwa hana elimu kamili. Anayechukua kikubwa kwa elimu pungufu ana deni, nalo ni kukubali kazi yake ichunguzwe na mwingine. Deni halilipwi kwa kuitwa zawadi.

Basi, ndugu msomaji, anza nyumbani mwako. Ulipomwadhibu mtoto, je, alikuwa na mtu wa kumwendea? Ulipomwondoa mtumishi kazini, ulimwachia mlango? Ulipokata neno juu ya jirani yako moyoni, ni nani uliyemruhusu akuambie kwamba umekosea? Na siku utakapoambiwa kwamba hukumu yako imetenguliwa, usikunje uso. Mshukuru aliyekuzuia usife na dhuluma mikononi mwako.

Mwenyezi Mungu, ambaye juu ya hukumu yake hakuna rufani kwa kuwa kwake hakuna kosa, atujalie kuwa wepesi wa kusikiliza mara ya pili. Amin.